Karatasi Ishirini na Tatu

Walituketisha bwaloni siku mbili.
Feni moja ikizunguka, ya pili imekufa tangu bajeti ya mwaka juzi.
Viti vya plastiki, chupa za maji, mahamri yaliyopoa.
Ubaoni: POLISI NA JAMII MCHANGANYIKO.
Sajini Lusweti akaninong'oneza, "Mie nimefuata posho na sahihi."
Tukacheka, maana alikuwa amesema la wote.

Bi Zamzam Mbarak hakuanza na sheria. Alianza na viatu.
"Mnaingia nyumba ya mtu Majengo, saa tisa usiku,
buti juu ya mkeka wa kuswalia.
Mnatafuta bunduki. Mnapata nini?"
Kimya.
"Mnapata mtoto asiyewasahau."

Lusweti akainua mkono. "Madamu, mhalifu hana mila.
Risasi haiulizi kabila."
Makofi. Hata mimi nilipiga,
mimi Munyoki, mzaliwa wa Mutitu,
miaka minne hapa kisiwani na bado
nikiitwa mbara pale gengeni kifua kinabana,
na muhogo naununua kwa bei ya mgeni.
Hilo sikulisema. Nani angeniandalia semina?

Alasiri akagawa vikaratasi, vidogo kama tikiti za feri.
"Andika neno la kwanza linalokujia
ukimwona kijana wa kanzu na kofia, usiku, konani.
Usiandike jina lako. Usiandike uongo."
Tulikuwa ishirini na tatu.
Kalamu zilikwaruza kama kuku uani.

Akavimwaga kwenye sinia ya mahamri, akasoma kimoja kimoja
kwa sauti ile ile, kama karani wa benki anayeita namba:

Simama.
Gaidi.
Unga.
Kitambulisho.
Gaidi.
Elfu mbili.
(Hapo tukacheka, kisha tukaacha kucheka.)
Gaidi. Hiki changu; niliujua mwandiko wangu hata kwa mbali,
ile herufi ya mwisho iliyoteleza.
Sijui.
Gaidi.

Akafika kimoja, akanyamaza.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Baba yangu," akasoma.

Feni ikazunguka.
Shingo zikageuka, zikarudi.
Koplo Badi Ngome alikuwa akifunga kamba za buti
ambazo hazikuwa zimefunguka.
Miaka sita naye kikosini. Usiku ule wa msako
tulikaa nyuma ya lori, tukayasema tuliyoyasema
kuhusu watu wa kofia, naye akacheka pamoja nasi.
Nilidhani anacheka.
Gizani meno ni meno.

Bi Zamzam hakuuliza ni cha nani.
Alikiweka juu ya vingine, akasema twende tukanywe chai.

*

Ijumaa, kizuizini Makupa.
Kijana anatoka kuswali isha, ndara mguuni, hana haraka.
"Wewe, kofia!" Lusweti akaita.
Mimi ndimi niliyekuwa na tochi.
Nikachukua kitambulisho, nikasoma jina lote, polepole,
kama tulivyofundishwa:
Athmani Shee Bwana Heri.
"Bwanaheri," akanirekebisha. "Ni neno moja."
Nikalirudia. Akaitikia kwa kichwa, bila shukrani.

"Cheti kimekulevya, Munyoki?" Lusweti akanitania.

Nikampekua.
Nilimpekua, sitaficha: funguo, kitana, tende tatu kwenye karatasi.
Mikono ni ile ile, mifuko ni ile ile.
Ila tochi niliishusha
kutoka machoni mwake hadi kifuani.
Hiyo ndiyo tofauti yote ya siku mbili, kama ni tofauti.

Alipokwenda niligeuka nimtafute Badi,
nimwambie neno, sijui lipi.
Alikuwa ng'ambo ya barabara, amenipa mgongo,
akizipanga upya koni
zilizokwisha kupangika.